Hita ya gesi ya ukutani Lushoto: uipitishie dohani ya zamani au utoboe ukuta?

Mtu wa Tanga mjini, awe Chumbageni au Raskazone, akikuambia anataka hita nyumbani kwake, mpime homa kwanza. Pwani mwezi wa Julai ni mwezi wa kuzima feni usiku, basi. Lakini ukishaiacha Mombo ukaanza kupanda zile kona za kwenda Soni, mambo yanabadilika. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Magamba na Shume ziko juu zaidi. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unatanda mapema na usiku joto la nje linaweza kushuka mpaka nyuzi 10 au chini yake. Nyumba nyingi huko hazikujengwa kwa ajili ya baridi hiyo: tofali, bati, dari ya jipsamu, na mlango wenye mwanya chini unaopitisha kidole.

Ndiyo maana wanaojenga nyumba za mapumziko milimani, au wanaokarabati nyumba za wazee wao wapangishe wageni, wanaulizia hita ya gesi ya kuzamishwa ukutani, ile yenye magogo ya bandia na moto unaochezacheza. Kwenye picha za simu zote ni moja. Kinachostahili kuamua pesa yako iende wapi kipo nyuma ya hilo boksi: hewa ya kuunguzia inatoka wapi, na moshi unakwenda wapi. Kwa hiyo nalinganisha hasa aina mbili, ya dohani na ya bomba pacha la ukutani. Nyingine nitazigusa tu, kwa sababu ama hazifai ama zinafaa watu wachache.

Zinavyovuta hewa

Hita ya dohani inachukua hewa kutoka chumbani humo humo mlimokaa, na moshi wake unapanda dohani kwa nguvu ya joto lake lenyewe. Hakuna pampu wala feni. Moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa baridi, unapanda, na hewa nyingine inaingia nyuma yake. Injini nzima ndiyo hiyo. Mbele iko wazi, au ina kioo cha kuzuia watoto tu.

Hita iliyozibwa, hiyo ya bomba pacha, kioo chake kina gasketi, yaani ukanda wa kuziba mianya, pande zote na hakifunguliwi ovyo. Nyuma yanatoka mabomba mawili, moja ndani ya jingine, mara nyingi la milimita 100 ndani ya la milimita 150. La ndani linatoa moshi. Nafasi iliyobaki kati yake na la nje inaingiza hewa safi kutoka uani. Moto unauona, joto unalipata, lakini moto huo hauna ushirika na hewa unayoivuta wewe.

Tofauti nyingine zote zinaanzia hapo. Ya dohani ikipata dohani baridi, au upepo ukipiga kutoka juu, au mtu akiwasha ile feni ya kutoa mvuke jikoni huku madirisha yote yamefungwa, moshi unaweza kugeuza njia na kurudi sebuleni. Na moshi wa gesi hauonekani kama wa kuni. Ile harufu kali unayoijua ya gesi inatiwa kwenye mtungi ili uvujaji ugundulike. Gesi ikishaungua, harufu hiyo nayo imeungua. Kinachobaki, kama moto haupati hewa ya kutosha, ni kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtu anadhani ni uchovu wa safari ya kupanda mlima, anakwenda kulala.

Hita iliyozibwa nayo ina udhaifu wake: kioo kikipata ufa au gasketi ikichoka, haitumiki mpaka irekebishwe. Ila hilo unaliona kwa macho, tena mchana.

Kama dohani ipo

Wajerumani, waliouita mji huu Wilhelmstal, na Waingereza waliofuata baada ya 1916, walijenga huku nyumba za mawe na tofali zenye meko ya kuotea moto. Nyumba za misheni pia zipo za namna hiyo. Mwenye nyumba ya hivi akisikia hita ya gesi, wazo la kwanza ni kuichomeka palepale penye meko na kuacha dohani ifanye kazi yake kama zamani. Inavutia, kwa sababu hubomoi kitu na hita yenyewe kwa kawaida ni rahisi kuliko iliyozibwa.

Tatizo ni kwamba dohani ya kuni na dohani ya gesi hazitaki kitu kimoja. Ile ya kuni ilijengwa pana, ibebe moshi mwingi wa moto mkubwa. Ukiweka hita ya gesi ya kilowati tano chini yake, moshi ni kidogo, unapoa kabla haujafika juu, na mvuke wa maji uliomo unageuka matone ndani ya ukuta. Maji hayo yana tindikali, yanakutana na masizi na lami ya kuni ya miaka hamsini, na baada ya vipupwe viwili vitatu unaona madoa ya kahawia yanatokeza kwenye plasta juu ya meko. Mwenye nyumba anaita fundi rangi. Rangi inapakwa, doa linarudi.

Dawa yake ni kushusha ndani ya dohani bomba jembamba la chuma cha pua, lile linalopindika kama mkonga wa tembo, la daraja la 316. Kwa hita nyingi za namna hii kipenyo kinachotakiwa ni milimita 125, lakini kitabu cha hita ndicho chenye neno la mwisho. Bomba linaunganishwa kwenye shingo ya hita chini, linafungwa kwa bamba juu, halafu linavishwa kofia ya kuzuia mvua na ndege. Gharama ya bomba hilo watu hawaihesabu wanapolinganisha bei. Ukishaongeza bomba, kofia, fundi wa kupanda paa na siku ya kufagia dohani, ule unafuu wa hita ya dohani mara nyingi umeisha au umebaki mdogo sana.

Kabla ya kununua chochote, dohani ichunguzwe. Nilimuuliza mzee mmoja mwenye nyumba ya mawe njia ya Magamba: "Shikamoo mzee. Hii dohani ilifagiliwa lini mara ya mwisho?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Hiyo inafagiliwa na mvua." Tukaweka kioo cha kunyolea ndani ya meko, tukamulika tochi juu. Tulichotarajia ni kiduara cha mwanga wa mbingu. Tulichoona ni giza na vijiti vya kiota. Hapo hakuna mjadala wa hita. Kwanza ni brashi, kamba na mtu wa kupanda, na kama kuna nyuki, mrina asali aje kabla ya fundi.

Baada ya kufagia, jaribu moshi. Washa majani mabichi kidogo ndani ya meko, ziba juu kwa gunia lililoloweshwa, kisha watu wawili wazunguke: mmoja apande darini na tochi, mwingine aingie vyumba vya jirani. Nyumba za zamani zina mtindo wa meko mawili kuegemeana mgongo kwenye mnara mmoja, moja la sebule na moja la chumba cha kulala, na ukuta unaotenganisha njia zao unaweza kuwa umeliwa. Moshi wa sebuleni ukitokea chumba cha watoto, umeshapata jibu: ama uteremshe bomba la chuma, ama uachane na dohani kabisa.

Kuna sharti jingine ambalo wengi hawalipendi. Hita ya dohani inahitaji tundu la kudumu la hewa chumbani, na zile za moto wazi za mapambo kwa kawaida hudai upenyo wa sentimita za mraba 100, yaani tundu la sentimita 10 kwa 10 lisilofungwa. Unalipia gesi ipashe chumba, na papo hapo umetoboa ukuta kuingiza baridi. Wageni wakija wanaziba tundu kwa taulo. Nimeona taulo, nimeona gazeti, nimeona mto wa kochi. Kwenye nyumba unayoishi mwenyewe utasimamia. Kwenye nyumba ya kupangisha, sijui utamsimamisha nani mlangoni saa nne usiku.

Kama ukuta ni mtupu

Nyumba mpya nyingi milimani hazina dohani. Hapa hita iliyozibwa inaonyesha thamani yake, kwa sababu bomba pacha linaweza kutoka moja kwa moja ukutani nyuma ya hita. Unahitaji ukuta wa nje, basi. Hakuna kutoboa bati, na kila aliyewahi kutoboa bati Lushoto anajua mvua ya masika inaingiaje kwenye tundu hata ulipake silikoni kiasi gani.

Kazi yenyewe inahitaji uangalifu mahali watu wasipopatarajia, nje. Mdomo wa bomba unatoa moshi wa moto sana pale unapotokea, na nyumba zetu zina baraza. Fundi anatoboa ukuta wa sebule, bomba linatokea barazani, chini ya paa la baraza, pale pale wanapokaa watu na kahawa yao. Moshi unajikusanya chini ya bati na unarudi ndani kwa dirisha. Kitabu cha hita kitakupa umbali wa chini kutoka dirisha linalofunguka, kutoka kona, kutoka chini ya paa, kutoka ardhini. Vipimo vinatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, mara nyingi kuanzia sentimita 30. Mimi kwa dirisha la chumba cha kulala ningetaka mita nzima hata kama kitabu kinaruhusu pungufu. Na kama mdomo uko chini kiasi kwamba mtoto anaufikia, uwekewe kizimba cha waya.

Ukuta wa tofali ni rafiki. Ukuta wa mbao, au fremu ya mbao iliyofunikwa jipsamu ili hita ionekane imezama vizuri, unataka nafasi. Hita za kuzamishwa huja na vipimo vya umbali kutoka kitu chochote kinachoungua, juu, pembeni na nyuma. Mafundi dari wetu wamezoea kujenga ukuta wa televisheni kwa blanda, yaani mbao nyembamba, na jipsamu, wanaweka taa za rangi, kazi nzuri. Ukuta wa hita ujengwe kwa fremu ya chuma na ubao wa saruji, na rafu ya mninga hapo juu ikae umbali ulioandikwa. Televisheni juu ya hita ni wazo la kwenye mitandao. Huku kwetu itakaangika.

Vilevile kuna bomba pacha la kwenda juu kupitia paa, kwa hita iliyo ukuta wa katikati ya nyumba. Linafanya kazi vizuri, lakini linatakiwa livuke dari na mbao za paa ndani ya bamba maalumu la kulitenga, na hapo gharama inapanda. Kama ramani bado iko kwenye karatasi, sogeza hita ukuta wa nje.

Gesi yenyewe, na mlima

Hili linazihusu hita zote mbili, na ndipo mafundi wa jiko la gesi wanapochanganya mambo.

Tanga hakuna gesi ya bomba majumbani. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay inafika Dar es Salaam. Bomba kubwa linalokuja Chongoleani ni la mafuta ghafi kutoka Uganda, halitakupikia chai. Wewe unatumia mtungi, mchanganyiko wa propeni na buteni. Hita ya mtumba iliyoshushwa kutoka Ulaya inaweza kuwa ilitengenezwa kwa gesi asilia, na tundu la kutolea gesi kwenye kichomeo chake ni kubwa kuliko linalotakiwa na gesi ya mtungi. Ukiiunga hivyo hivyo moto unaruka juu, mrefu, wenye masizi. Soma ile sahani ndogo ya chuma pembeni ya hita: inataja aina ya gesi na presha. Kama haitaji gesi ya mtungi, au imekwanguliwa, iache dukani.

Halafu mwinuko. Pale Lushoto mjini presha ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, kwa hiyo kila lita ya hewa ina oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15. Hita iliyojaribiwa Tanga mjini ikawaka vizuri inaweza kupanda mlima ikaanza kuunguza gesi nyingi kuliko hewa inayopata. Watengenezaji wanalijua hili na wengi wana tundu dogo zaidi la sehemu za juu, au maelekezo ya kupunguza presha. Uliza kabla ya kulipa. Dalili za kutazama ni masizi meusi kwenye kioo au kwenye magogo ya bandia. Rangi ya moto peke yake inaweza kukudanganya: hita za mapambo zimetengenezwa makusudi ziwe na moto wa njano, ufanane na wa kuni, tofauti na jiko ambalo njano ni kosa. Masizi hayadanganyi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propeni kama mara moja na nusu, buteni mara mbili. Ikivuja inatambaa sakafuni na kuteremka. Nyumba za Lushoto zimejengwa kwenye miteremko, nyingi zina stoo au chumba cha kijana upande wa chini. Mtungi ukikaa jikoni juu, uvujaji utashukia huko chini, aje mtu awashe swichi. Mtungi ukae nje, wima, kwenye kibanda chenye matundu chini, mbali na mlango, dirisha na mfereji. Kutoka hapo liende bomba la shaba, na koki ya kufungia karibu na hita pale mkono unapofika. Ule mpira wa machungwa wa jiko haupitishwi ndani ya ukuta kwa mita sita. Mafundi wakikuambia "hamna shida bosi, tumefanya hivi kwingi", mwambie hapa hatufanyi. Maungio yote yapakwe povu la sabuni kabla ukuta haujafunikwa.

Na baridi inaugusa mtungi pia. Buteni inaacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, na hata kabla ya hapo inazembea. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukilishwa hita usiku wa baridi unatoka jasho, unakuwa barafu ubavuni, moto unafifia na mwenye nyumba anadhani gesi imeisha. Tumia wa kilo 38, au miwili ya 15 iliyounganishwa. Usiupashe mtungi moto kwa namna yoyote, hata kwa maji ya moto ya nia njema.

Hesabu ya jioni moja

Chukua sebule ya mita tano kwa nne inayohitaji kilowati 3 za joto, kwa muda wa saa nne kila jioni. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina takriban uniti 13 za joto, uniti zile zile tunazozijua za umeme.

Hita iliyozibwa nzuri inakupa kama asilimia 75 ya joto hilo chumbani. Ya dohani yenye moto wa kuonekana inakupa kama 55, na za mapambo matupu ni chini zaidi. Kwa hiyo iliyozibwa itakula karibu gramu 310 kwa saa, ya dohani karibu gramu 420. Mtungi wa kilo 15 utakupeleka jioni 12 kwa ya kwanza, jioni 9 kwa ya pili. Tuseme kwa mfano mtungi umeujaza kwa shilingi 60,000: jioni moja ni shilingi 5,000 dhidi ya takriban 6,700. Weka bei ya kwako. Uwiano unabaki ule ule. Na mtungi upimwe kwenye mizani unaponunua, uzito mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe.

Sasa linganisha na umeme. Saa nne kwa kilowati 3 ni uniti 12. Kwa mteja wa kawaida anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni shilingi 4,272. Ndiyo, hita ya umeme, ile yenye mafuta yaliyofungwa ndani, inaweza kuwa rahisi kuliko gesi, haina dohani, haina moshi, haina fundi. Wauza hita za gesi hawataji jambo hili. Kinachoirudisha gesi mezani ni umeme kukatika usiku wa mvua, nyaya za nyumba za zamani zisizobeba kilowati 3 kwenye soketi moja, na moto wenyewe wa kutazama, ambao mgeni wa Magamba ameulipia kama anavyolipia mandhari. Kama nyumba unakuja wiki mbili kwa mwaka na nyaya ni mpya, nunua hita mbili za umeme, kila moja kwenye soketi yake, na pesa inayobaki zibeni mianya ya milango. Mwanya wa chini ya mlango unaiba joto la hita yoyote ile.

Kuni? Meko ya wazi hutupa joto kubwa juu ya dohani, linalobaki chumbani mara nyingi ni asilimia 10 hadi 20. Lakini kwa mwenye shamba lenye mikaratusi na migrivilea ya kupogoa, kuni ni za bure na dohani tayari anayo. Siwezi kumshauri anunue gesi. Jiko la chuma la kufungwa, la kuni, likiingizwa kwenye meko hayo hayo, linamfaa zaidi kuliko hita yoyote ya kwenye makala hii. Ila kuni zitoke shambani kwake; msitu wa Magamba ni hifadhi.

Zisizo na bomba, na zenye feni

Zipo hita za gesi zinazouzwa zikiwa hazihitaji bomba kabisa. Zinavutia kwa sababu joto lote linabaki ndani. Linabaki pamoja na moshi wote. Kila kilo ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, kwenye nyumba ambayo tayari nguo zinachukua siku tatu kukauka. Ukungu mweusi utaota nyuma ya kabati kabla kipupwe hakijaisha. Zina kihisi kinachoizima hita oksijeni ikipungua, na kihisi hicho ni kizuri, lakini chumba cha kulala kilichofungwa si pa kukijaribia. Sebule kubwa yenye hewa, kwa saa moja, mtu yuko macho, labda. Jiko la mkaa la kuingiza chumbani usiku silijadili hata kidogo, limeua watu.

Zenye feni ya kusukuma moshi zinafaa pale bomba linapolazimika kwenda mbali au kuteremka. Umeme ukikatika zinazima, na kwa Lushoto hilo linaondoa sababu kubwa ya kununua gesi. Bomba pacha la kawaida halihitaji feni, na hita nyingi za aina hiyo zinawashwa kwa betri.

Ningechagua ipi

Nyumba mpya, ukuta wa nje, na wageni wa kupangisha: hita iliyozibwa, bila kusita, hata ikiwa ghali zaidi kuinunua. Mgeni hawezi kuliziba tundu la hewa kwa sababu halipo.

Nyumba ya mawe ya zamani unayoishi mwenyewe, dohani imefagiliwa na imepita jaribio la moshi, na unautaka moto wazi kama wa babu: ya dohani, pamoja na bomba la chuma cha pua hadi juu, mdomo wake uvuke kilele cha paa kwa angalau sentimita 60. Ukiona hesabu ya bomba inakukaribisha kwenye bei ya iliyozibwa, kumbuka baadhi ya hita zilizozibwa zinaweza kutumia dohani hiyo hiyo kwa kupitishia mabomba mawili membamba ndani yake. Uliza duka kama wanayo. Kwa nyumba kama hizi ndilo chaguo langu, ingawa si rahisi kulipata.

Chumba cha kulala, aina yoyote ya nyumba: iliyozibwa au umeme. Vingine visiingie.

Kwa gesi, nunua pia kengele ya kaboni monoksidi ya betri, uifunge chumba chenye hita na nyingine kwenye vyumba vya kulala. Namba ya zimamoto ni 114.

Na fundi asilipwe malipo ya mwisho mpaka mfanye jambo moja pamoja, kama umechagua ya dohani. Fungeni milango na madirisha yote ya sebule. Washeni feni ya jikoni kama ipo, mlango wa kati ukiwa wazi. Hita iwake kwa nguvu yote dakika kumi. Kisha fundi mwenyewe apige magoti na udi unaofuka, aupitishe taratibu kwenye ukingo wa juu wa mdomo wa hita, kutoka kushoto hadi kulia. Moshi wa udi uvutwe ndani ya hita ukingo mzima. Ukisita mahali au ukirudi kuelekea uso wake, zimeni hita, fungueni madirisha, na apande tena juu ya paa.